MAMBO YA MAGARI: Sakafu Mpya na Bodi Iliyopinda

Msomaji mmoja wa Madogo, ambaye ni karani kwa kazi yake na mkulima wa maembe katika siku zake za mapumziko, ameniletea swali ambalo nadhani litawafaa wengi. Aandika hivi: “Bwana, gari langu nilitiliwa sakafu mpya mwaka jana, na tangu siku ile milango ya nyuma haifungi ila kwa kusukumwa kwa bega. Fundi asema ni bawaba. Je, ni kweli?”

Jibu langu ni fupi: si kweli. Bawaba hazina kosa hata kidogo. Kilichopinda ni bodi yenyewe, nayo ilipinda siku ile ile ilipokatwa. Lakini jibu fupi halitamsaidia mtu ambaye fedha zake zimekwisha kutoka mfukoni, basi yafaa nilieleze jambo hili toka mwanzo. Nami nalieleza kwa ujasiri kidogo, maana nililiona kwa macho yangu katika gari la binamu yangu, huko huko Madogo.

Kwa wasioujua mji huo, Madogo uko ukingo wa magharibi wa mto Tana, ng'ambo ya daraja la Garissa, katika barabara iendayo Nairobi, na karibu nao ndipo wasafiri wa Hola na Garsen wanapoishika njia ya kusini. Nchi ni kavu, mvua ni chache, na mgeni angedhani kwamba kutu haiwezi kumsumbua mtu mahali kama hapo. Ajidanganya. Mto hauhitaji mvua ya Madogo ili ufurike. Mvua ya milimani yatosha, na mabwawa ya juu yakijaa, maji hushuka yote kwa pamoja. Wazee wakumbuka El Niño ya 1997 na 1998. Vijana wakumbuka Novemba 2023, barabara ilipokatika na watu wakavushwa kwa mashua, na tena Aprili 2024, basi la abiria liliposombwa na maji huko Tula na abiria wakaokolewa.

Gari lililosimama katika maji ya matope kwa siku mbili tatu huonekana limepona likianikwa juani. Zulia la juu hukauka. Lakini chini ya zulia kuna kitambaa kizito cha kuzuia kelele, nacho hunyonya maji kama sifongo na kuyashika kwa majuma. Matope nayo huingia ndani ya kizingiti, yaani lile boriti lenye uwazi lililo chini ya milango, yakaziba vitundu vya kutolea maji. Hapo kutu huanza kula toka ndani, mahali jicho lisipofika, na mwenye gari hajui lolote mpaka siku moja anapokanyaga klachi na kuona barabara ikipita chini ya kiatu chake. Wachukuzi wa mbuzi wana taabu yao nyingine, kwa kuwa mkojo wa wanyama una chumvi inayokula chuma upesi kuliko maji ya mto, na wale wachukuao chumvi yenyewe kutoka pwani upande wa Gongoni hawahitaji kuambiwa na mimi.

Sasa twende kwenye kiini cha mambo. Magari yapo ya namna mbili, na asiyejua tofauti yao asilikate gari la mtu. Namna ya kwanza ni lile lenye chesisi, kama lori, au Land Rover za zamani zilizoanza kutengenezwa 1948. Hapo chini kuna fremu nene ya chuma inayobeba injini, magurudumu na mizigo, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti, kama mgonjwa aliyelazwa juu ya machela. Ukimbadilisha mgonjwa nguo, machela hayapindi. Sakafu ya gari la namna hiyo waweza kuing'oa yote ukaenda kula chakula cha mchana, nalo likakungoja vile vile ulivyoliacha.

Namna ya pili haina machela. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Mafundi wa Italia walitoa gari la namna hii, Lancia Lambda, mwaka 1922, na Citroën wa Ufaransa wakaeneza mtindo huo kuanzia 1934. Peugeot 404, ambayo wazee wetu waliipenda mno na ambayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo toka 1966 hata 1968, ilikuwa ya namna hii. Na Toyota Probox, iliyotoka 2002 na ambayo leo yaonekana katika kila stendi ya nchi hii, ni ya namna hii pia. Nguvu yake haimo katika kipande kimoja chochote. Imo katika sanduku zima: sakafu, vizingiti viwili, nguzo za milango na paa, kila kimoja kikimshika mwenzake. Mtu ajaribu sanduku la kadibodi. Likiwa zima laweza kukaliwa na mtoto. Likikatwa tako lake, hulegea na kwenda upande kwa kuguswa na kidole.

Binamu yangu alikuwa na Probox aliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Siku za kazi ilimpeleka ofisini ng'ambo ya daraja; Jumamosi ilichukua maembe na watu wa nyumbani. Gharika ya 2023 iliikuta uani. Baada ya mwaka mmoja na nusu sakafu ilikuwa imekwisha pande zote mbili, naye akampelekea fundi mmoja aliyemwahidi kazi ya siku mbili. Fundi huyo, ambaye sitamtaja kwa kuwa sikumsikia akijitetea, aliiweka gari juu ya mawe manne, mawili mbele na mawili nyuma, palipo na mchanga. Akakata sakafu yote ya kuume na ya kushoto kwa siku moja, toka ukuta wa injini mpaka chini ya kiti cha nyuma, na kwa kuwa vizingiti vilikuwa vimeoza, akavikata navyo. Gari likabaki paa na nguzo tu, na uzito wa injini mbele. Halafu akaenda kutafuta bati.

Usiku ule gari lililala bila sakafu. Hakuna aliyelisikia likilalamika, lakini lilikuwa likishuka katikati kama kitanda cha kamba zilizolegea, na jiwe la nyuma kuume lilikuwa likizama mchangani polepole. Asubuhi fundi akachomelea sakafu mpya, kwa moto wa gesi, mkono mmoja bila kupumzika, toka mwisho mmoja hata mwingine. Akalifunga gari katika umbo lile baya, kama mfupa uliovunjika ukaunganishwa kombo.

Milango ikabana juu na kupanuka chini. Fundi akafanya lile ambalo kila fundi wa namna hiyo hulifanya: akasogeza kipokeo cha komeo kwenye nguzo, akakitia tupa, mpaka mlango ukashika. Lakini komeo la mlango wa gari lina hatua mbili, na mlango ule ulikuwa ukishika ya kwanza tu. Mwezi wa pili, kwenye matuta ya njia ya kusini, kabla ya kufika Bura, mlango wa nyuma kuume ulifunguka wenyewe gari likiwa katika mwendo, na gunia la maembe likaenda zake barabarani. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa ameketi mahali pale pale mpaka waliposimama kununua maji. Aliporudi alikwenda kukaa mapajani mwa mama yake. Binamu yangu hakuyaokota maembe. Aliligeuza gari, akarudi Madogo kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Hapo ndipo tulipompata mzee mmoja ambaye karakana yake ni kivuli cha mwarobaini. Hakuligusa gari siku ya kwanza. Alitoa futi yake na kamba, akapima kila tundu la mlango kwa hanamu, yaani kutoka pembe ya juu ya mbele mpaka pembe ya chini ya nyuma, kisha akageuza. Waashi walijua jambo hili tangu zamani: chumba ambacho hanamu zake mbili ni sawa, pembe zake ni sawa. Tundu la mlango wa gari si mraba, kwa hiyo hanamu zake hazilingani, lakini mlango wa kuume hauna budi kufanana na wa kushoto, na gari moja na jingine la aina yake.

“Mwanangu,” akamwambia binamu yangu, “gari lako haliwezi kuniambia lilikuwaje kabla ya kukatwa. Twende stendi tukawaulize ndugu zake.”

Tukaenda stendi. Akaomba ruhusa kwa madereva watatu, akapima Probox zao tatu, na vipimo vikapatana, tofauti haizidi milimita mbili. Akaviandika kwa chaki ndani ya kifuniko cha sanduku lake. Gari letu lilikuwa limepotea milimita 11 kwenye mlango wa nyuma kuume, na 6 upande wa kushoto. Milimita 11 ni upana wa ukucha wa kidole. Ndizo zilizotaka kumtupa mtoto barabarani.

Kazi yenyewe ilichukua siku tisa, na nitaeleza yale yaliyo muhimu.

Mahali pa kusimamishia gari alipatengeneza kwanza. Alitandika mbao nene juu ya mchanga, na usawa akaupima kwa mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliojaa maji, kama waashi wafanyavyo, maana maji hayasemi uongo. Stendi hakuziweka kwenye vizingiti vilivyooza, wala kwenye ncha za gari, bali chini ya ekseli na mikono ya magurudumu, ili springi zibebe bodi kama zinavyoibeba barabarani. Kisha aliteremsha timazi kutoka bolti nane za chini ambazo hazikuguswa na kutu, akatia alama za chaki kwenye mbao, akapima baina ya alama hizo kwa urefu, kwa upana na kwa hanamu. Kila asubuhi na kila jioni alizirudia timazi zile. Nilimwona siku moja akizirudia baada ya mbuzi kujikuna kwenye bampa.

Baadaye ndipo yakaja mabomba ya mraba ya inchi moja. Alichomelea bomba moja toka nguzo ya mbele hadi nguzo ya kati, jingine toka ya kati hadi ya nyuma, na mengine yakapita ndani ya gari toka nguzo ya kuume hadi ya kushoto, na mawili yakavukana kama herufi X. Aliyaweka upande wa ndani makusudi, ili milango ibaki kwenye bawaba zake na kufungika wakati wote wa kazi. Mafundi wengi huivua milango ili wapate nafasi. Lakini mlango ndio kipimo bora kuliko vyote: ukifunga vizuri saa tatu na kukwaruza saa tano, wajua kosa limeingia kati ya saa tatu na saa tano.

Gari letu lilikuwa limekwisha kupinda, basi kabla ya kulikaza kwa mabomba yote ilimpasa alinyoshe. Alikata maungo mabaya ya upande wa kuume peke yake, akatia jeki chini ya nguzo ya kati, na juu ya jeki gogo la mti mgumu ili nguvu ienee. Akainua kidogo kidogo, akipima hanamu kila mara. Alivuka kipimo kwa milimita mbili hivi, kwa kuwa chuma kikiachwa hurudi nyuma, kisha akalegeza, nacho kikatulia mahali pake. Kazi hiyo ilimchukua toka alfajiri hata adhuhuri. Nilimuuliza kwa nini asiinue mara moja, naye akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mtoto mchanga hafundishwi kulima.

Kizingiti kilitangulia, sakafu ikafuata, na upande wa kushoto haukuguswa mpaka wa kuume ulipokwisha na kupoa. Mafundi wa majahazi hubadilisha mbao zilizooza kwa namna hiyo: hutoa ubao mmoja, hutia mwingine, na chombo hakiachwi wazi ubavu mzima.

Kuhusu moto yafaa nikawie kidogo, maana ndio uharibuo kazi za wengi waliopima vema. Chuma kikipata joto hurefuka. Kipande cha mita moja kikiongezwa joto digrii 100 hurefuka zaidi kidogo ya milimita moja. Jambo hilo dogo halidhuru kitu. Lakini mahali pa kuchomelea chuma huyeyuka, yaani hufika kama digrii 1,500, na kinapopoa hujikunja na kuvuta jirani zake. Mshono mrefu uliochomwa mfululizo huvuta kama uzi uliokazwa katika kitambaa, na bati hufanya mawimbi. Dawa yake ni kuchomelea nukta, si mstari: nukta moja hapa, nyingine mwisho wa pili, nyingine katikati, na kungoja mpaka mkono uweze kuligusa bati bila kuungua. Mzee alianza kwa nukta zilizoachana kama inchi nne, akafunga milango, akapima, ndipo akajaza kati yake. Alitumia mashine ya waya na gesi ya kaboni, ambayo joto lake hukaa mahali padogo. Moto wa gesi ya mtungi hutapanya joto mbali, na kwa bati jembamba la sakafu si chaguo jema kama kuna njia nyingine.

Bati lenyewe lisiwe lo lote lililookotwa. Sakafu za magari madogo huwa na unene wa karibu milimita moja, kwa hiyo geji 18 au 20 zafaa. Bati la kuezekea la geji 30 halifiki nusu ya milimita, nalo lina zinki ambayo ikichomwa hutoa moshi mweupe wa kumtia mtu homa na kichefuchefu usiku ule. Zinki iliyo mahali pa kuchomelea sharti ikwanguliwe kwanza, na kazi ifanywe penye upepo. Tena mtazame sakafu ya kiwandani: ina mifereji na matuta. Watu wadhani ni mapambo. La, bati lililokunjwa lina nguvu mara nyingi kuliko lililo tambarare, kama karatasi iliyokunjwa isivyolegea. Mzee aliyafinyanga matuta hayo kwa nyundo juu ya reli ya zamani, na mabano ya kufungia viti aliyatia mapya yenye bamba nene, kwa kuwa kiti na mkanda wa usalama hushikwa na sakafu, na mkanda uliofungwa kwenye bati bovu ni pambo tu.

Kabla ya cheche ya kwanza, vitu kadhaa vilitolewa bila mjadala: viti, zulia, nyaya zilizopita sakafuni, na mabomba ya petroli na breki yaliyo chini. Tangi lilishushwa na kupelekwa mbali. Betri ilifunguliwa na kuachwa muda kabla ya kazi, maana chini ya dashibodi kuna kifaa cha umeme kinachoongoza mifuko ya hewa, na umeme wa kuchomelea waweza kukiharibu. Ndoo mbili za maji na moja ya mchanga zilikaa karibu siku zote tisa.

Mwisho wa kazi mabomba yalikatwa, moja moja, kwa kupima baada ya kila moja. Viungo vilipakwa rangi ya kuzuia kutu yenye zinki, vikazibwa kwa gundi ya mishono, na chini pakapakwa lami. Ndani ya vizingiti alimimina mafuta mazito kwa mrija, na vitundu vya kutolea maji akavizibua kwa waya. Hilo la vitundu lamhusu kila mwenye gari, hata kama sakafu yake ni nzima.

Nimrudie sasa msomaji wangu. Asimlipe mtu fedha za bawaba. Achukue futi na rafiki mmoja wa kushika upande wa pili, apime hanamu za milango yote minne, kisha aende stendi akapime gari la aina yake ambalo halijakatwa. Tofauti ikiwa milimita mbili au tatu, huenda bawaba na mipira zikasawazishwa. Ikiwa ni zaidi, atazame pia kama kioo cha mbele kimeanza ufa pembeni, na kama matairi yanalika upande mmoja. Hizo ni dalili za bodi iliyopinda. Wakati huo wote asimkalishe mtoto karibu na milango ile, wala asitosheke na komeo linalolia mara moja. Lisikike likilia mara mbili.

Gari la binamu yangu lingali linakwenda Hola na kurudi. Milango hufungwa kwa vidole viwili, naye hufurahia kuwaonyesha wageni jambo hilo hata wasipouliza.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitamjibu msomaji wa Garsen aliyeuliza kama yafaa kuwasha injini ya dizeli iliyolala majini usiku mmoja. Kwa sasa namwomba asiiwashe.